Dumuzi Waliokuwa Wakiota Jua

Nyanjige wa kijiji cha Lingeka alipenda watu wawili kupita kiasi: mumewe Mboje, na binti yao Kabula. Kabula alikuwa mjamzito. Angekuja kujifungulia nyumbani, na michembe ya kumlisha, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ilikuwa stoo.

Lakini dumuzi nao walikuwa stoo! Ukiweka sikio kwenye gunia, unawasikia wakitafuna. Chini ulijaa unga wao.

"Baba Kabula, tutampa mwanetu vumbi?" Nyanjige aliuliza. Machozi yalimlenga.

"Usilie, mama. Jua la huku litawachoma wote."

Wakaanika michembe juu ya mwamba, palepale wanapoikaushia kila mwaka. Mwamba ulichoma nyayo. Jioni wakaizoa, wakairudisha kwenye magunia yaleyale. Baada ya siku chache, Nyanjige akaweka sikio. Kru, kru, kru! Jamani!

Wakaanika tena. Safari hii akapita Flora, bibi shamba wa kata.

"Mwadila, mayu," akamsalimu mama kwa Kisukuma. "Mbona mnaanika michembe mikavu?"

"Tunaua wadudu, mwanangu."

Flora akaokota mchembe mmoja uliopata moto wa jua, akauvunja. Dumuzi akatoka ndani, akatembea zake.

"Yu hai!" Mboje akashangaa.

"Baba, huyu ni mgeni. Aliletwa na mahindi kutoka nchi za mbali, zenye joto kama kwetu. Jua analivumilia. Likizidi, anajichimbia ndani, au anashuka chini kwenye kivuli. Jioni mnambeba tena."

"Kumbe tunawaotesha jua, halafu tunawapa chakula!" Nyanjige alisema. Wakacheka, ingawa iliwauma. "Sasa tufanyeje?"

"Mnyimeni hewa. Pepeteni michembe, kausheni vizuri, kisha iacheni ipoe. Jazeni mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani. Kamueni hewa yote, mfunge kila nailoni peke yake. Magunia ya zamani yachemsheni. Na msifungue ovyo."

Hapo Nyanjige alimtazama mumewe, maana Mboje kwa michembe hana breki.

Wakafanya hivyo. Kabula akaja, akajifungua salama mtoto wa kike. Siku ya kufungua mfuko, Nyanjige aliweka sikio. Kimya! Michembe ilikuwa mizima. Akaichemsha na karanga, nyumba nzima ikanukia.

Mboje akanyoosha mkono. Nyanjige akaupiga kofi dogo.

"Mzazi kwanza! Dumuzi wote tumewamaliza, umebaki wewe tu."