Waya wa Isibhaha

Kifungo cha juu cha shati la Mfanafuthi kiligoma kufunga. Shati lilelile, Jumatatu lilimtosha, Alhamisi linamkaba.

"Ugali wangu wa uphuthu umekukubali, baba," mkewe MaKhoza alimtania, kisha akaona mstari mwembamba, mwekundu, umezunguka shingo nzima. Kicheko kikamkauka.

Mfanafuthi alitunza bustani ya miti adimu huko Zululand, ile inayomalizwa porini. Kila mti ulivaa kibati chenye namba. Miaka mitano nyuma, siku ya kuvifunga, springi zinazotanuka mti unaponenepa zilikuwa zimeisha. Akafunga kwa waya, akakaza kweli kweli, akaenda zake. Uvivu ule, jamani!

Kesho yake akaanza kunusa pilipili, ile harufu ya gome la mti wa isibhaha, ndani ya chai, kwenye mto wa kulalia, ndani ya pumzi yake mwenyewe, na kadiri harufu ilivyozidi ndivyo mstari ulivyozidi kuzama, hata adhuhuri moja, jua kali, wenzake wanapita, akaanguka magoti kati ya miche akitafuta hewa, huku nyuma ya sikio lake mtu asiyeonekana akihema taratibu, bila haraka yoyote.

MaKhoza akamleta bibi mganga, Gogo Zibuyile. Gogo alipiga miayo, dalili ya mizimu kumshukia, akaenda moja kwa moja kwenye isibhaha mmoja bustanini.

"Ulimsalimia siku ulipomfunga?" akanong'ona. "Ulimtajia ukoo wako?"

"Gogo, nilikuwa kazini."

"Kazini! Hata anayechuna gome husalimu kwanza. Wewe mlinzi ndiye uliyemnyonga jini wa watu ndani ya nyumba yake, miaka mitano. Hebu tazama."

Waya ulikuwa umezama, gome limeufunika. Mfanafuthi akauchimbua kwa kisu na koleo, machozi yakimtoka. "Mimi wa kina Mthethwa, mkubwa wangu. Nimekosa, niachie." Waya ukakatika. Hewa ikamwingia tele, akacheka kama mwehu, akamkumbatia mkewe mbele za watu.

Asubuhi MaKhoza alimkuta amekaa kitandani, mikono kooni. Mstari wa jana ulikuwa umefifia. Chini yake palikuwa na mwingine, mbichi, na chini ya huo, mwingine tena ulikuwa unaanza kujichora huku anautazama.

"Baba," alinong'ona, "ulifunga miti mingapi kwa waya?"

Sauti ilishakatika. Mfanafuthi akanyoosha kidole, akaandika juu ya shuka: *yote*.