Birika Lililokosa Kontena

Mvua ilipoanza kumwagika juu ya yadi seli ya kanisa pale Beltsville, Marekani, watu wote walikimbilia hema moja, wakabanana kama maharagwe ndani ya ganda. Katika msongamano huo Nkatha akajikuta ameshika mkono wa birika la kauri, na upande wa pili mwanamume asiyemjua ameshika mdomo wa birika hilo hilo.

"Huyu akivuta, mdomo utakatika," Nkatha alimnong'oneza rafiki yake Jelagat.

"Bon, basi weye achia mkono," mwanamume akajibu, kwa Kiswahili cha Kongo.

Jelagat alicheka hadi mzee wa kizungu mwenye meza akageuka kuona kuna nini. Nkatha aliona haya, lakini hakuachia. Yadi seli ni yadi seli. Jumamosi hizo ambapo wazungu humwaga nje vyombo vya nyanya zao na kuviuza bei ya njugu, Wakenya wa Maryland walikuwa wanaamka mapema kuliko waendao misa. "Hii ni mitumba kabla haijapanda meli," Jelagat alipenda kusema. "Tunaichota kwenye chemchemi."

Na birika lenyewe lilikuwa la kushikilia. Jeupe, waridi jekundu ubavuni, ukingo wa dhahabu, na vikombe sita vyenye visahani vyake. Vya Uingereza, mzee alisema. Nkatha alitazama mvua nje ya hema akaona kwamba hata kiangazi chenyewe mwaka ule kilikuwa kimetoka huko Uingereza: manyunyu ya kila siku, anga limejifunika shuka la kijivu tangu Juni, nyasi zimekuwa kijani hadi zinaumiza macho.

Alimtazama yule mwanamume. Mrefu, shati la buluu lililopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ilisimama kama kisu, viatu vinang'aa kana kwamba tope lilikuwa limeambiwa lipite kando.

"Unataka birika la nini, na wewe ni mwanamume?"

"Kwenu mwanaume hanywi chai?"

"Anakunywa. Akipikiwa."

"Kwetu Uvira miye ndiye nilikuwa napikia maman. Na nape napiga pasi miye."

"Nape ni nini?"

"Kitambaa cha meza, mama. Unanunua makopo mazuri hivi, na hauna nape?"

"Ukiita vikombe hivi makopo tena, nitakunyang'anya hata huo mdomo."

Akatabasamu, akaachia. "Sawa. Ila siku moja ninywe mo chai."

Nkatha akakubali papo hapo. Kuahidi ni rahisi ukiwa umeshinda.

Jina lake lilikuwa Yohan. Aliendesha gari la dobi wa hoteli, akiishi Woodbridge, kule chini Virginia, na kutoka kwake hadi Beltsville ni safari ya mtu mwenye nia. Nia alikuwa nayo. Kila Jumamosi ambayo Nkatha hakuwa na zamu katika nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha, gari jeupe lenye harufu ya sabuni lilisimama nje, wakaenda kuzunguka mitaa kutafuta vitu vya kale. Walipata taa ya shaba yenye kofia ya hariri. Walipata mapazia ya lesi yaliyokuwa na rangi ya maziwa yaliyolala. Walipata kopo la mkate lenye picha ya farasi, na Yohan akauliza kama hilo analo ruhusa kuliita kopo.

Lesi alikuwa anaondoka nazo. Zilirudi zimefuliwa, zimetiwa wanga, zimekunjwa kwa karatasi laini, na simu ikifuata.

"Sheri, mpenzi, umefungua?"

"Nimefungua. Zinanukia kama wewe."

"Miye nanukia sabuni."

"Ndiyo hiyo. Jana kuna mgonjwa kaniuliza mbona natabasamu nikipanga shuka."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mvua imenipendeza."

Jelagat, aliyekaa chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo na kusikia kila kitu kupitia ukuta, alikuwa anagonga. "Wacheni kutesa watu. Wengine tunalala peke yetu hapa."

Walipendana hivyo, polepole, ndani ya mvua, kama mtu anayeota na hataki kuguswa bega. Ila kulikuwa na jambo.

Ukiingia nyumba ya Nkatha hungeamini kwamba ni ya mwanamke mwenye jicho lile. Godoro lilikuwa chini. Dirishani palining'inia shuka kuukuu. Chai ilinywewa kwa kikombe cha plastiki kilicholetwa na piza. Na ukutani, kutoka mlango hadi kona, maboksi, kila moja limeandikwa kwa wino mzito: MERU. Taa humo, mapazia humo, birika na vikombe vyake humo, vimefungwa kwa magazeti. Wakenya wengi wa kule walikuwa na ugonjwa huo. Mtu anakaa Marekani miaka saba na hajanunua kitanda, kwa sababu mwaka ujao anarudi.

Siku ya kwanza Yohan alipokaribishwa, alikipokea kile kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Na makopo yetu?"

"Yamefungwa. Yanapanda kontena la Mugo, yule msafirisha mizigo, mwisho wa Agosti. Ni ya mami." Nkatha alikaa kwenye boksi. "Mami alipokuwa msichana alifanya kazi kwa bibi mmoja wa kizungu, kule Timau. Vikombe kama hivi hivi, vya waridi. Aliviosha miaka mingi, hakunywea hata kimoja. Nilimwapia nikiwa mdogo kwamba nitampa vyake."

Yohan aliyahesabu maboksi kwa macho.

"Na weye? Uko kwa boksi gani?"

Swali lilimkuta vibaya. "Mimi nitafuata Krismasi," alisema. "Nilidhani unajua."

Hakuwa anajua. Alikunywa chai yake hadi mwisho, akasema ni tamu, na Jumamosi iliyofuata akaja tena. Lakini tangu siku hiyo, wakishika kitu kizuri yadi seli, wote wawili walikuwa wanajiuliza kimya kimya kinanunuliwa cha kuishi nacho au cha kuagana.

Kisha ikaja ile siku. Nkatha alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo. Alipofika nyumbani, alasiri, nywele zake za kusuka zinachuruzika maji na nguo ya kazi imemganda mwilini, alifungua mlango akasimama.

Mapazia ya lesi yalikuwa dirishani, na mwanga wa mvua ulipita ndani yake ukawa laini kama unga. Taa ya shaba iliwaka pembeni. Godoro lilikuwa juu ya kitanda cha mbao. Katikati palikuwa na meza, na juu ya meza nape nyeupe isiyo na kunyanzi, na juu ya nape birika la waridi likitoa moshi wa tangawizi. Yohan alikuwa kwenye kona, pasi mkononi, akimalizia foronya ya mto. Jelagat ndiye aliyempa ufunguo.

Kwa muda wa pumzi moja Nkatha alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo. Kisha akaona maboksi matupu yamekunjwa nyuma ya mlango, na neno MERU limekatikia katikati.

"Nani amekuruhusu?"

"Nkatha, keti kwanza, umelowa."

"Nimekuuliza. Huo ni mzigo wa mamangu. Kontena linaondoka wiki ijayo, na wewe umekuja kunipigilia misumari hapa?"

"Nilitaka uishi mo siku moja tu. Nitafunga tena, miye mwenyewe."

Uchovu ni pombe mbaya. Nkatha alisikia mdomo wake ukisema, "Wewe huna kwa kurudi, Yohan. Ndiyo maana unataka na mimi nisiwe nako."

Yohan aliweka pasi chini polepole, akachomoa waya.

"Maman alikuwa na kabati," alisema. "Glasi za wageni, masahani ya wageni. Sisi watoto, ata kugusa hapana. Tulikunywa kwa plastiki, sawa weye. Siku vita ilifika Uvira alifunga kabati na funguo, akatia funguo ndani ya nguo yake hapa, tukakimbia. Funguo iko naye Bujumbura mpaka leo. Kabati, sijui." Alichukua koti lake. "Ata mgeni mmoja hakunywa mo."

Alitoka. Hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Hakupiga simu siku hiyo wala iliyofuata. Pasi yake ilibaki kwenye kona. Nkatha alijaribu kufunga vikombe tena, akafika cha pili, akakuta magazeti yamelowa machozi, akaacha.

"Mpigie," Jelagat alisema mlangoni, leso kiunoni, mwiko mkononi.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie pasi yake inakula stima. Aii, dada, mimi nimezaliwa Kericho lakini najua Mkongo akikupigia pasi foronya, huyo si wa kuchezea."

"Wewe ndiye uliyempa ufunguo."

"Na nitampa tena. Nimechoka kuruka maboksi nikienda chooni."

Jumapili, Nkatha alimpigia mama yake kwanza. Simu ilikuwa katika duka la mzee Zefania, kule Nkubu, Meru, na mama alifika hapo kila Jumapili baada ya kanisa, akazungumza kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, duka zima likisikiliza. Nkatha alikwangua kadi ya simu, akabonyeza namba zake ndefu, akaeleza yote: vikombe, kontena, Yohan, maneno aliyomwambia.

Laini ikakwaruza. Alidhani kadi imekwisha.

"Vikombe vya waridi?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mami. Kama vile vya Timau."

"Nkatha. Mimi nilivichukia vile vikombe."

Nyuma yake mtu dukani alicheka, bila shaka mzee Zefania.

"Mkono wake ni mwembamba, kidole hakiingii, na ukikivunja unakatwa mshahara. Niliviosha ujana wangu wote, sasa unataka kuniletea niendelee? Nikitaka kikombe nitanunua sokoni Makutano."

"Lakini nilikuahidi."

"Ulikuwa mtoto. Sikiliza. Kila Jumapili unaniambia umenunua. Umenunua taa, umenunua pazia. Hata siku moja hujaniambia umepika, umekula, umecheka na nani. Mimi naenda nyumbani nikijiuliza, huyu anaishi au anapakia?" Akashusha sauti, maana yake sasa ni nusu ya duka tu iliyosikia. "Huyo aliyefungua mzigo wangu, alivunja kitu?"

"Hapana. Alipika chai ya tangawizi."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

"Basi niletee kikombe kimoja tu, nikione. Lakini ukilete kwa mkono, si kwa kontena. Na birika alibebe yeye, mpaka mlangoni kwangu, nimwone vizuri."

Siku ya kontena, nusu ya Wakenya wa Maryland na wachache kutoka Fairfax walikuwa kwenye uwanja wa magari nyuma ya ghala, na mvua juu yao. Mugo, mwenye shughuli, alisimama mlangoni mwa kontena amevaa mfuko wa takataka kama koti, akipaza sauti kuhusu friji la mtu. Na ndani, akipokea na kupanga, alikuwa Yohan. Alikuwa amemwahidi Mugo tangu Julai kwamba atakuja kubeba maboksi ya Nkatha. Ugomvi haukuwa sababu ya kuvunja ahadi.

Alimwona Nkatha akija na mwavuli, mikono mitupu, amevaa gauni la manjano ambalo hajawahi kumwona nalo.

"Maboksi yako wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu," Nkatha alisema. "Beltsville."

Yohan alishuka kutoka kwenye kontena. Watu waliacha kubeba. Hata friji la mtu lilisimama.

"Nilikuambia neno baya," Nkatha akasema, bila kujali masikio. "Nililisema kwa sababu niliingia mlangoni nikatamani kubaki, nikaogopa. Nisamehe."

"Na Krismasi?"

"Krismasi tutakuwa tunakunywa chai. Mami anataka kikombe kimoja tu. Mimi nikibebe. Birika amesema ulibebe wewe, mpaka mlangoni kwake."

Yohan alifikiri. "Kwenu, mwanaume akifika kwa mlango wa mama wa msichana na birika, maana yake nini?"

"Maana yake hatoki hapo bila kutaja mbuzi wa mahari."

"Papiye zangu, karatasi za safari, bado hazijatoka, sheri. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa mbili."

"Mimi nimekaa miaka saba bila kitanda. Unadhani sijui kungoja?"

Akamshika mkono chini ya mwavuli, na gauni la manjano likalowa upande mmoja lote.

"Nkatha," Mugo alipaza sauti, "nafasi yako kwenye kontena nifanyie nini?"

"Mpe mwenye friji."

Jelagat hakungoja kuambiwa. Waliporudi, aliwaleta nyuma yake Mugo, mwenye friji, na wengine wawili waliodai walikuwa wanapita tu. Nyumba ilijaa, viatu vikapangwa mlangoni vikichuruzika, chapati zikatoka, kila mtu akakaa juu ya kitanda, kwenye ukingo wa dirisha, juu ya boksi lililokunjwa. Birika lilizunguka. Vikombe sita vya waridi, watu saba.

"Wewe na mimi, kimoja," Yohan akamwambia Nkatha.

Alikunywa, akamgeuzia upande ule ule aliokunywea yeye, akampa. Kidole cha Nkatha hakikuingia kwenye mkono wa kikombe. Mami alikuwa amesema kweli. Ilimbidi akishike kwa mikono miwili, na mikono ya Yohan ikiwa bado juu yake.

"Na pasi yangu?" akamuuliza.

"Inakaa pale pale kwenye kona," Nkatha akasema. "Usiitoe."