Mke wa Ghorofa ya Juu

Asubuhi ya tatu tangu aolewe na kuhamia mnara wa mawe wa mumewe, Marion alikuta nywele nyekundu kwenye kitana chake. Za kwake zilikuwa nyeusi.

"Wifi, nani ametumia kitana changu?"

Bessie, dada wa mumewe, aliendelea kukoroga uji. "Mnara huu una wanawake wawili tu, na mimi kichwa kimejaa mvi." Akashusha sauti. "Elspet, marehemu mke wa kwanza, ndiye aliyekuwa na nywele hizo. Hata miezi mitatu hajamaliza kaburini."

Dand, mumewe, alicheka. "Mke wangu, unamwonea wivu maiti?"

Lakini kitandani, kati yake na Dand, palikuwa na ubaridi wa mtu aliyelala, na harufu ya udongo mbichi, na kila Marion alipojisogeza kwa mumewe kitu kilimsukuma taratibu, kama mke anayedai mahali pake.

Alasiri moja wapanda farasi wa Kiingereza walionekana mtoni. Watu wa mnara wakaswaga ng'ombe wao hadi ghorofa ya chini ili wasiporwe. Marion, aliyekuwa nyuma na ndama mkaidi, alifika mlangoni akakuta lango la nondo limefungwa.

"Fungua, Dand!"

"Halifunguki!" Dand na Bessie walivuta kwa nguvu zote.

Nyuma yao, kwenye ngazi, alisimama mwanamke mwenye nywele nyekundu, akimtazama Marion bila kupepesa, huku kishindo cha kwato kikizidi kukaribia.

"Dada Elspet," Marion akanong'ona, "kitanda chako sikitaki. Mume mchukue. Niache niishi tu."

Lango likafunguka.

Wavamizi walishindwa na kuta, wakaondoka. Marion akatandika nyasi za kulalia ghorofa ya chini, karibu na ng'ombe. Dand alishuka kumbembeleza.

"Nimeshaahidi," alimjibu.

Siku zikapita, Dand akaacha kushuka.

Wakati wa mavuno, Bessie akiwa shambani, Marion alikuwa anakamua alipomsikia Dand akicheka juu, kile kicheko alichokuja nacho kuposa. Sauti ya mwanamke ikamjibu, laini, bila haraka.

Marion alijua angepaswa kuogopa. Alichohisi ni wivu, hata akaiacha ndoo na kukanyaga ngazi ya kwanza.

Kicheko kikakatika.

"Mke mwenzangu," sauti ikasema kutoka juu, kwa upole, "unakwenda wapi?"