Mbegu za Lengalenga na Saa za Sisimizi

Léocadie alisuka nywele katika saluni moja ya Yeoville, mtaa wa jiji moja mbali kusini mwa kwao. Mumewe, Gaston, alikuwa mlinzi wa duka mjini. Nyuma ya nyumba walikuwa na kipande kidogo cha udongo.

Septemba 2017, Léocadie alifungua kisanduku cha kibiriti. Ndani mlikuwa na mbegu za lengalenga, mchicha wa kwao Uvira. Mama yake alizikusanya kabla ya kufariki. Hakukuwa na nyingine.

Alitawanya nusu juu ya udongo, kama mama yake alivyofanya kila Septemba. Wiki mbili zikapita. Hakuna kilichoota.

"Mbegu zimezeeka," alisema Gaston.

"Kama wewe," Léocadie akajibu, lakini hakucheka.

Kando ya ukuta aliona tundu la sisimizi, limezungukwa na makapi. Kati ya makapi yaling'aa maganda meusi ya lengalenga.

Jioni Gaston alileta kichupa alichonunua kando ya barabara. Jirani yao Kidawa, mtu wa Tanga, alikuwepo. Alifanya kazi kwenye bustani ya miche.

"Shemeji, kimeandikwa nini?"

"Hakijaandikwa kitu. Muuzaji anasema kinaua hata panya."

Kidawa alimtazama Gradi, binti yao wa miaka mitatu, akichimba udongo kwa kijiko. Gaston naye akamtazama. Akakifunga kichupa ndani ya mifuko miwili. Kidawa akakipeleka kazini kwake, kwenye pipa la sumu za kutupwa.

"Eish. Sasa tukae tutazame wanavyotuibia?" aliuliza Léocadie.

"Ndiyo, mtazame. Na saa mkononi."

Jumapili walihesabu. Saa moja asubuhi, hakuna sisimizi. Saa tatu, kumi na wawili kwa dakika. Saa sita, themanini. Saa kumi na mbili jioni, hakuna.

"Wanafuata joto la ardhi," alieleza Kidawa. "Wakati wa baridi hutoka wachache, mchana tu. Sasa wanatoka karibu kutwa. Januari mchana unaunguza, kwa hiyo hutoka asubuhi na alasiri."

"Basi nipande jioni."

"Asubuhi watazikuta. Uvira, Septemba kuna mvua?"

"Inaanza. Inazikandamiza udongoni siku hiyohiyo."

"Hapa bado ni kavu. Mvua huja Oktoba, pengine Novemba. Mbegu zako zimekaa juu, zikawangoja."

Léocadie aliogopa kukigusa kisanduku tena.

"Panda robo tu," alisema Kidawa. "Toboa beseni la zamani chini, jaza udongo. Funika mbegu kidogo, nyunyiza maji. Weka beseni juu ya tofali, na tofali ndani ya sinia yenye maji, sisimizi wasivuke. Badilisha maji kila siku mbili, yasizae mbu. Mvua ikianza, hamisha miche. Sisimizi hawa wanataka punje, si majani."

Siku ya tano baada ya kupanda, Gaston alirudi kutoka kazini alfajiri. Hakuingia ndani.

"Mama Gradi, njoo. Hazijazeeka."

Léocadie aliinama juu ya beseni. Nyuzi za kijani zilikuwa zimesimama.

"Wala wewe," alisema.

Januari walikula bugali na lengalenga, Kidawa akiwa mgeni wao. Miche miwili waliiacha itoe mbegu. Aprili Léocadie alizipepeta, akajaza kisanduku hadi juu. Makapi aliyapeleka karibu na ukuta, yakiwa bado na punje chache.

"Unawalisha wezi?" aliuliza Gaston.

Léocadie aliitazama saa.

"Ardhi imepoa, na ni saa sita mchana. Wako njiani."