Nakala ya Kulwa

Siku vitabu vile vilipoletwa nilikuwa Tabora kununua vitambaa. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Nzega, na nikija mjini hufikia Gongoni kwa kaka yangu Masele. Masele mwenyewe haonekani. Anaendesha lori la Kigoma, njia ileile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani, na kwa jinsi anavyochelewa kurudi utadhani naye anakwenda kwa miguu. Nyumbani hubaki mkewe, wifi yangu Julieth, na binti yao Doto.

Julieth anauza vitabu vya mtumba barazani. Mtu akifa, au akihama, au mapadre wa Kipalapala wakipunguza makabati yao, huyo Julieth na magunia yake. Ya siku ile yalitoka Mtendeni, kwa mwalimu mstaafu aliyefariki, ambaye watoto wake walitaka chumba cha kupangisha. Tuliyamwaga sebuleni. Marehemu alikuwa msomaji asiyechagua. Mlikuwa na hadithi za watoto zenye picha, riwaya za mapenzi zilizochakaa, za upelelezi, kitabu cha mapishi, cha ufugaji wa nyuki, kamusi mbili, na chini kabisa vile vizito vya wasomi, vya historia na sheria, ambavyo hata kuvinyanyua ni kazi.

Doto alikuwa na miaka minane na ndiyo kwanza amejua kusoma. Mtoto wa namna hiyo ni balaa, anakusomea mpaka mfuko wa chumvi. Alichomoa kitabu cha hadithi za sungura, akaenda kukaa mkekani kando ya kibuyu.

Habari ya kibuyu niiseme mapema. Doto walizaliwa wawili. Kulwa alitangulia kuzaliwa na akatangulia kufa, kwa homa, wakiwa na miaka mitatu. Kwetu Wanyamwezi pacha akifa hahesabiwi kuwa ameondoka. Mama yangu, Bibi Minza, alileta kibuyu kidogo kutoka kijijini, akakivika kitenge, akakilaza kitanda kimoja na Doto. Tangu hapo kila cha Doto kikawa na mwenzake. Nikishona gauni, nashona mawili. Chakula sahani mbili. Ile ya pili inawekwa mbele ya kibuyu, unasema, "Kulwa, chakula chako," halafu baadaye anapewa mtoto wa jirani. Ukimnyima mmoja, Bibi alituambia, atachukua kwa mwenzake. Tulifuata hayo, na Jumapili kanisani tulikwenda vilevile.

Kosa letu lilikuwa kwenye vitabu. Kitabu hakiliwi wala hakivaliwi. Ukishakisoma kinabaki palepale, na mwenzako anakisoma. Hakuna aliyewaza kwamba nacho ni cha kugawa. Bibi Minza angetukumbusha, lakini hajui kusoma, na kwake vitabu vilikuwa mizigo tu ya mkwewe.

Julieth hakumlilia Kulwa. Siku ya mazishi alipika, alifagia, alipokea wageni, na baada ya hapo aliendelea vivyo hivyo kwa miaka. Ukimwambia jambo la kuchekesha anajibu, "Ndiyo." La kuhuzunisha, "Ndiyo." Mimi nilizoea. Nilikuwa nampenda wifi yangu, ila ilikuwa kama kumpenda mtu aliyelala.

Jioni ile nilimsikia akimkanya Doto asikunje kurasa, kwa sababu ile ni mali. Doto alikuwa akifika mahali pa kuachia anakunja kona ya juu ya ukurasa. Alisema sawa, na akaendelea kukunja.

Niliporudi mwezi uliofuata nilikishika kile kitabu cha sungura. Kona za juu zilikuwa zimekunjwa mpaka katikati. Kuanzia hapo zilikunjwa za chini, ndogo, zimenyooshwa vizuri, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Umeanza kukunja huku chini?" nilimuuliza Doto.

"Si mimi, shangazi."

"Nani sasa?"

Alitazama kibuyu. Nikacheka, nikaenda jikoni kumenya viazi.

Mchana huo tulipita sokoni. Mzee mmoja alikuwa na sungura wawili ndani ya tenga. Doto alichuchumaa akawatazama kwa muda mrefu, kisha akanivuta kitenge.

"Shangazi, hawa wanaitwaje?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia ni tembo. Akaitikia, "Tembo," taratibu, kama anayejifunza, na njia nzima hakucheka.

Baada ya sungura lilikwenda neno fisi. Kisha kitabu cha mapishi kikawa na kona zilizokunjwa chini, tangu jalada hadi jalada, na Doto akawa haijui chumvi. Anaionja, anakunja uso, jina halipati. Zikafuata riwaya za mapenzi, ambazo mtoto yule hakuwahi hata kuzigusa. Alipozungumza nami kwa simu aliniita "wewe". Neno shangazi nalo lilikuwa limeondoka.

Mwalimu wake, Eustadia, alinipigia mwenyewe. Alikuwa amekwisha kumwita Julieth mara kadhaa, na Julieth alisikiliza, akasema ndiyo, akaenda zake. "Mtoto alikuwa anasoma kuliko wenzake," mwalimu aliniambia. "Sasa anaangalia herufi kama anaangalia ukuta. Na kuongea anakaribia kuacha. Mkimchelewesha, huyu mtampoteza."

Nilipanda basi kesho yake.

Nilimkuta Doto barazani, amevaa gauni nililomshonea, linampwaya. Hakuniamkia. Nilimpakata, nikamuuliza kinachomsumbua. Alitafuta maneno kama mtu anayepapasa sarafu mfukoni. Akasogeza mdomo sikioni mwangu.

"Mwenzangu. Anasoma mbio," alinong'ona. "Akimaliza, vinaenda."

"Vinaenda wapi?"

Akaonyesha ndani kwa kidole.

Nilimpigia simu mama yangu kijijini, nikamweleza yote. Bibi Minza alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hivyo vitabu, yule alipewa vyake?" Nikasema hapana. "Basi mmemnyima. Mpeni vyake, kila mtu na chake. Hamna dawa nyingine."

Ilionekana jambo jepesi. Nilishukuru Mungu kwa wepesi huo. Julieth alikuwa ametoka kidogo, nikaanza kutafuta nakala ya pili ya kile kitabu cha sungura. Mezani haikuwepo. Kwenye magunia haikuwepo. Nikafungua sanduku lake la nguo, maana huko huwa anaficha vitabu vyenye wateja maalumu.

Nakala ilikuwa humo. Chini ya kanga. Ilikuwepo na ya mapishi, na za riwaya, na ya nyuki. Mbili mbili zote, safi, hazijafunguliwa. Alikuwa amezitafuta moja baada ya nyingine. Alijua dawa kabla yangu. Alizikusanya, akazifungia.

Niliingia chumbani kwa mtoto. Saa hizo jua lilikuwa kali, bati linalia juu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kibuyu kimelazwa kwenye mto. Mbele yake palikuwa na kimoja cha vile vitabu vizito vya wasomi, utafiti juu ya wapagazi wa Kinyamwezi na misafara ya kwenda pwani. Kilikuwa wazi. Hapakuwa na upepo. Kona ya chini ya ukurasa ilikuwa imekunjwa, na nikiwa nimesimama pale, nimeshika mlango, karatasi iliinuka. Ikalala upande wa pili.

Sikupiga kelele. Sikusikia hata hofu wakati ule.

"Amefika sura ya tisa," Julieth alisema nyuma yangu.

Alikuwa amesimama na mfuko wa dagaa mkononi. Uso wake ulikuwa uleule wa kila siku.

"Wifi," nikamwambia, "Doto anakwisha."

"Ndiyo."

"Nakala unazo. Kwa nini humpi mwenzake nakala zake?"

Alifikiri. Naapa alifikiri, kama muuzaji aliyeulizwa na mteja kitabu ambacho hana hakika kama kipo.

"Nikimpa zake atasoma zake peke yake," alisema kwa sauti ya chini. "Hatakuwa na haja ya kuja. Huyu nimekaa naye miaka minane. Yule mitatu tu. Nilimzika hajui hata a. Acha naye apate." Akanipita, akapangusa vumbi kwenye kitabu. "Wewe unaona kibuyu. Mimi nasikia anavyopumua akifika mahali pagumu."

Nilikasirika. Hasira ilikuja mwishoni kabisa, wakati mambo mengine yote mwilini yamekufa ganzi, na ndiyo iliyonitembeza. Nikamfunga Doto mgongoni, mtoto wa miaka minane, mwepesi kama kifurushi cha pamba. Nikachukua zile nakala mbili safi za kitabu cha sungura kutoka sandukuni. Na kibuyu nikakichukua, kwa sababu Bibi Minza aliwahi kutuambia, mapacha hawatenganishwi, ukiwatenganisha mmoja atamfuata mwenzake popote alipo. Julieth hakunizuia. Alikaa kitandani, akafunga kile kitabu kizito, akakipakata.

Nyumbani Nzega nilifanya yote kwa haki. Nakala moja nilimpa Doto mkononi. Nyingine niliiweka mbele ya kibuyu, juu ya kijisanduku changu cha nyuzi, nikasema, "Kulwa, kitabu chako. Mwachie mwenzako chake." Siku za kwanza Doto alilala tu. Hakula, hakuongea, alikuwa anatazama dari. Nilishona gauni la mteja kando yake na sikumbuki nilishona nini.

Halafu asubuhi moja aliketi.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Nililia mpaka majirani wakaja. Alikula uji, akaomba mwingine. Akaomba chumvi kwa jina lake. Alichukua kitabu chake cha sungura, akakimaliza akiwa hapohapo kitandani, akauliza kama kuna kingine. Niliazima kwa majirani, kwa paroko, shuleni, kila kimoja nakala mbili, hata kama ni kwa kuombaomba. Kabla mvua hazijaanza alikuwa anasoma gazeti la mjumbe wetu wa mtaa na kumweleza mzee wa watu maana yake. Nilitamba naye. Niliwaambia wateja, mtoto wangu huyu atakuwa hakimu.

Bibi Minza alikuja kumwona. Alimtazama akisoma, akakaa kidogo, akasema anataka kurudi kijijini. Nilimwuliza kama anaumwa. Alisema hapana, ni baridi tu. Ilikuwa Oktoba, joto la kuchemsha maji.

Julieth alikuja baada ya hapo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, lakini alibisha hodi kistaarabu, akaingia, akamwona mtoto mezani na kitabu chake. Akasimama mlangoni. Kisha uso wake ukavunjika, ule uso ambao haukuwahi kuvunjika hata makaburini, na akalia kwa sauti. Alimkumbatia, akamnusa nywele, akamshika masikio, akamtazama kucha. Hakumtaja jina. Mtoto alimpigapiga mgongoni taratibu, kama mtu mzima anavyombembeleza mfiwa.

"Ahsante, wifi," Julieth aliniambia wakati namsindikiza stendi. Alikuwa anacheka na machozi yake. "Usingemchukua, nisingempata."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Mtoto alikuwa ameenda bombani kuchota maji. Kitabu chake cha sungura kilikuwa mezani. Nilikifungua, mimi niliyekuwa nimekishika kila siku bila kukiangalia.

Kona zilikunjwa chini. Zote. Ndogo, zimenyooshwa vizuri.

Nikaenda kwenye kijisanduku cha nyuzi. Nakala ya kibuyu ilikuwa na vumbi. Nililipuliza, nikaifungua. Ukurasa wa kwanza wa hadithi, ule wenye picha ya sungura, kona yake ilikuwa imekunjwa. Ya juu. Imekunjwa ovyo, kubwa, jinsi Doto alivyokanywa na mama yake asikunje. Hapakuwa na nyingine. Alikuwa amefika hapo, akakwama.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mtoto mezani anakua, anafaulu, anamwamkia kila mtu, na mama yake huja kumwona kila mwisho wa mwezi. Napika sahani mbili. Zamani nikiweka ile ya pili nilikuwa nikisema, "Kulwa, chakula chako." Sasa naiweka kimya.

Ila jana, nikiwa sina kazi, nilikaa sakafuni kando ya kibuyu, nikafungua ile nakala ya pili kwenye kona iliyokunjwa, nikaweka kidole chini ya neno.

"Sungura," nikasoma. "Su. Ngu. Ra."

Mezani, kurasa ziliacha kugeuzwa. Nilijua ananitazama. Sikuinua uso. Nilisoma neno lile mpaka koo likakauka, nikafunga kitabu, nikakirudisha mahali pake.

Leo asubuhi nimekifungua. Ile kona ya juu imenyooshwa, umebaki mstari wa mkunjo tu. Iliyokunjwa ni ya ukurasa unaofuata.