Zamu Yetu ya Ijumaa

Siku ile ya punguzo la bei, mwezi wa Novemba, nusu ya watu wa Oulu walikuwa wamejisonga ndani ya duka la vifaa vya umeme, na nusu nyingine walikuwa mlangoni wakikung'uta theluji kwenye viatu ili nao waingie. Watu wa mji huu hawapendi kugusana hata kwenye foleni ya basi, lakini punguzo likitangazwa husameheana viwiko.

Kwenye rafu ya mwisho ilibaki taa moja, pana kama sinia, ya mwanga mkali mweupe. Taa ya namna hiyo huwekwa mezani asubuhi, mtu akaikodolea macho huku anakunywa kahawa, ubongo ukadanganyika kwamba jua limetoka. Mkono mmoja ulilishika boksi upande wa kushoto. Wakati uleule, mkono mwingine ukalishika upande wa kulia.

Wa kulia ulikuwa wa Hilla, msusi wa miaka ishirini na saba, aliyevaa kofia ya sufu ya njano na koti lililomfika vifundoni. Wa kushoto ulikuwa wa Jarkko, dereva wa gari la kusukuma theluji, mrefu, mwenye ndevu zilizokuwa zikidondosha barafu sakafuni.

"Kaka, achia."

"Achia wewe, dada. Mimi nimeanza."

"Umeanza wapi? Mkono wangu ulikuwa hapa tangu wewe uko kule kwenye majiko."

"Unaitaka ya nini?"

"Desemba ikifika nalala saa kumi na nne. Naamka nalia, nakula mikate mitamu sita, nalala tena. Wewe je?"

Jarkko alikohoa, kisha akajibu kwa uso wa shahidi mahakamani. "Nina miche ya pilipili."

"Ya nini?"

"Pilipili. Kumi na moja. Haipati mwanga."

"Kwa hiyo mimi nife ili wewe ule mchuzi mkali?"

"Sijasema ufe. Nasema pilipili hazina mdomo wa kujitetea kama wewe."

Hilla alicheka, na kwa kuwa ilikuwa Novemba, alijishangaa mwenyewe. Wakakubaliana palepale, mbele ya mashahidi waliokuwa wakiwasukuma: taa ni ya Hilla, lakini kila asubuhi pilipili zitakuja kuota mwanga wake. Hadi Januari Jarkko alikuwa amepanda ngazi za Hilla mara arobaini na kitu akiwa amekumbatia vyungu. Ilipofika Februari, Hilla na taa walihamia kwa Jarkko, kwa maana ni rahisi kubeba taa moja kuliko vyungu kumi na moja. Hiyo ndiyo sababu rasmi.

Jengo la Jarkko lilikuwa na sauna moja chini kabisa, na kila nyumba ilikuwa na saa yake moja kwa wiki ya kwenda kukaa kwenye mvuke. Orodha ya zamu ilibandikwa ukutani. Ijumaa saa kumi na mbili jioni ndiyo saa ya kifalme. Jarkko aliingoja miaka sita, mpaka mzee wa ghorofa ya nne alipofariki. Alikwenda mazishini na, kusema kweli, alilia vizuri. Siku alipochukua kalamu akaandika "na Hilla" pembeni ya jina lake, Bi Raija wa ghorofa ya kwanza, mwenye zamu ya saa moja na masikio ya jengo zima, aliipiga picha orodha ile akawatumia dada zake wanne. Kanisa lingefanya nini zaidi?

Lakini majira ya baridi yaliyofuata taa haikufua dafu. Jua lilichomoza saa nne na nusu asubuhi, likachungulia, likazama saa nane mchana kama limekosea njia. Hilla akanyamaza. Jarkko alimpikia uji, akamvalisha soksi, akamvuta nje kutembea, akamwimbia hata nyimbo mbaya. Hilla alimtazama kama mtu aliye nyuma ya kioo kinene.

"Wengine taa inawatosha," daktari akasema. "Wengine wanalihitaji jua lenyewe."

Rafiki yake Hilla wa chuo alikuwa na saluni kule Los Boliches, Fuengirola, kusini mwa Hispania, ambako Wafini ni wengi kiasi kwamba unaweza kununua mkate wa shayiri ukiwa umevaa kandambili. Alihitaji msusi kwa miezi mitatu.

Kwenye uwanja wa ndege waliagana wakiwa wamevaa makoti manene, wakikumbatiana kama magodoro mawili.

"Zamu yetu utaitunza?"

"Kama roho yangu."

"Asiingie mtu mwingine."

"Nani aingie? Bi Raija?"

"Hata Bi Raija."

Wiki mbili tu baadaye, simu zikaanza kumtesa Jarkko. Alipiga akiwa ndani ya gari lake, theluji ikimwagika pembeni, giza mchana kweupe.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Dagaa wa kukaanga."

"Na nani?"

"Na limau."

Nyuma ya Hilla sauti ya mwanamume iliita kwa Kihispania, kwa furaha isiyo na sababu.

"Nani huyo?"

"Curro. Muuza matunda. Ananifundisha kuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Machungwa, Jarkko."

"Amevaa nini?"

"Jarkko!"

"Nauliza hali ya hewa tu."

Siku nyingine Hilla alifungua kamera. Alivaa gauni jekundu lisilo na mikono, mabega yamekuwa rangi ya asali, pua imepata madoa, na alikuwa anacheka kabla hata hajaambiwa kitu. Mwanamume mwenye kiasi humwonea wivu mwanamume mwenzake. Jarkko alilipita hilo akaenda kulionea wivu jua. Lilikuwa limefanya kwa siku kumi na nne kazi aliyoshindwa yeye kwa uji, soksi na nyimbo.

"Nimepewa kazi ya kudumu," Hilla akasema siku moja, akichagua maneno kwa uangalifu. "Njoo, laazizi. Hamia huku."

"Nije nisukume nini huko?"

"Sijui. Tutatafuta."

"Curro atanifundisha kuhesabu machungwa?"

"Jarkko, nisikilize. Nalala saa nane sasa. Naamka mwenyewe. Jana niliimba kazini. Hufurahi?"

Hapo jibu lilikuwa moja, na lilikuwa fupi, na hata pilipili zingelijua. Jarkko alisema:

"Kwangu hukuwahi kuimba."

Hilla alikata simu.

Zikafuata wiki tatu za ujumbe wa maneno mawili mawili. U mzima? Mzima. Baridi? Baridi. Ndipo Bi Raija, aliyekuwa amevumilia kadiri ya uwezo wake, alipochukua simu.

"Hilla mwanangu, umekaa?"

"Nimesimama, Bi Raija. Namkata mtu nywele."

"Weka mkasi chini."

"Niambie tu."

"Jina lako limefutwa kwenye orodha. Na la Jarkko. Ijumaa saa kumi na mbili pameandikwa Sanni."

"Sanni ndiye nani?"

"Nywele nyekundu. Miguu haina mwisho. Ijumaa alishuka na taulo la kijani."

"Kijani lenye maua?"

"Maua sikutaka kuyataja."

Taulo lile Hilla alilinunua mwenyewe. Mama aliyekuwa kitini alikuwa ameomba apunguzwe ncha. Alitoka na kichwa cha mwanajeshi, na kwa kuwa alisikia yote, hakulalamika.

Hilla alipiga simu mara tatu. Haikupokelewa. Jioni ukaja ujumbe: "Nitakueleza nikikuona." Hakuna sentensi mbaya kama hiyo kwa mtu mwenye wivu. Hilla aliisoma akiwa amekaa ufuoni, huku anamwona Sanni kwenye benchi lao la juu, kwenye kona yao ya kushoto, akimwomba Jarkko amkune mgongo. Mwanamke aliyeponywa na jua akagundua kwamba jua haliponyi kila kitu.

Ijumaa iliyofuata alipanda ndege, akabadilisha, akapanda nyingine. Alishuka Oulu kwenye baridi ya nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri, ndani ya koti akiwa na lile gauni jekundu, kwa sababu kama ni kuachwa, ataachwa akiwa amependeza. Saa kumi na mbili na dakika kumi na tano alikuwa chini ya jengo, akiugonga mlango wa sauna kwa ngumi.

"Fungueni! Najua mko humo!"

Mlango ukafunguka, mvuke ukatoka, na ndani ya mvuke akatokea Sanni, amejifunga taulo la kijani lenye maua. Nyuma yake alisimama mwanamume mwekundu kama nyanya, mnene, mwenye upara.

"Huyu ni nani?" Hilla aliuliza, ngumi ikiwa bado hewani.

"Mume wangu," Sanni alisema. "Wewe ndiye Hilla? Samahani sana kuhusu taulo. Jarkko alisema halijaingia kwenye sanduku."

"Sanduku gani?"

"Si mnahama? Nyumba tumeichukua sisi. Yuko juu anafunga vitu."

Hilla alipanda ngazi mbili mbili. Jarkko alikuwa amepiga magoti sebuleni katikati ya maboksi, akizungushia gazeti chungu cha pilipili kama anamvisha mtoto. Alipomwona, gazeti lilimponyoka.

"Jumapili," akasema. "Nilikuwa nifike kwako Jumapili. Nikushtue."

"Umeshanishtua. Ijumaa yetu umeipeleka wapi?"

"Nimeitoa."

"Miaka sita uliingoja!"

"Nilikaa mle peke yangu Ijumaa nne. Ya tano nikajikuta nayasemesha mawe ya jiko, na mawe yananijibu kwa sauti ya Curro."

Hilla alikaa juu ya boksi. Kila mtu wa jengo lile anajua: ukiitoa Ijumaa, hairudi. Watu huhama nyumba, huachana, huzikwa, zamu hawaitoi. Hata Jarkko angemwandikia barua kumi za mapenzi zisingefika hapo.

"Na kazi?"

"Kule kuna watu wana trekta la kuchana mchanga wa ufuoni alfajiri. Niliwaandikia. Waliuliza kama naweza kuendesha mstari ulionyooka huku nina usingizi."

"Ukasemaje?"

"Kwamba ndiyo kazi yangu ya miaka tisa."

"Mchanga si theluji, bwana."

"Ni theluji isiyoyeyuka. Kazi haiishi." Aliliokota gazeti. "Hilla, uliponiambia umeimba, ilinipasa nifurahi. Nilifurahi siku ya tatu. Siku mbili za kwanza niliitazama ile taa nikitaka kuipiga teke. Nilikuwa naona wivu."

"Wa Curro?"

"Wa jua. Na wa Curro pia, kidogo."

"Curro ana miaka sabini na moja."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unapendeza ukiwa na wivu," Hilla alisema, akijifuta machozi kwa kofia ya njano. "Sikujua kwamba unauma hivi."

Jarkko alitazama gauni, koti, viatu vya wazi vilivyojaa theluji. Taratibu uso wake ukaanza kung'aa. "Umepanda ndege kwa ajili ya wivu?"

"Mbili. Usicheke."

Mlango uligongwa. Alikuwa Sanni, nywele zinachuruzika, taulo la kijani limekunjwa mkononi. "Zimebaki dakika ishirini na tano za Ijumaa," alisema. "Sisi tumeshaiva."

Wakashuka. Walikaa kwenye benchi la juu, kona ya kushoto, kwenye mwanga hafifu na harufu ya mbao za moto. Kwenye mgongo wa Hilla mikanda ya gauni ilikuwa imeacha mistari miwili myeupe. Jarkko aliifuata kwa kidole.

"Hapa halijafika."

"Nani?"

"Mwenzangu. Jua."

"Nyamaza, mwaga maji."

"Mwaga wewe," Jarkko alisema, kwa sauti iliyotetemeka bila sababu, akamsogezea ndoo na kata ya mbao ndani yake.

Hilla hakuangalia. Nani huangalia ndani ya kata? Aliinua, akarusha maji kwenye mawe kwa mkono wa mtu aliyeukosa mvuke na mawe yake miezi miwili. Mawe yakafoka. Katikati ya kufoka kule kikasikika kitu kikilia kling, kisha kling nyingine chini zaidi.

"Ni nini hicho?"

Jarkko alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ilikuwa pete."

"Pete ya nani?"

"Yako. Niliitia kwenye kata tulipoingia. Nilipanga uione kwanza, halafu nikuulize."

Hilla aliyatazama mawe, akamtazama mwanamume yule aliye uchi, ana jasho, hana nyumba, hana zamu, na sasa hana pete.

"Uliza hivyohivyo."

"Utaolewa na mimi?"

"Nitaolewa. Lakini trekta hilo nitapanda mbele."

Mlango ulitikisika. "Saa moja kamili!" alipaza sauti Bi Raija. "Zamu yangu!"

"Bi Raija, hatuwezi kutoka! Kuna pete ya uchumba ndani ya jiko!"

 Zikasikika kandambili zikipanda ngazi mbio kuelekea kwenye simu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane, Bi Raija aliiacha zamu yake ipite.

Pete waliipata asubuhi, mawe yalipopoa, ikiwa nyeusi upande mmoja. Hilla alikataa isafishwe. Aliivaa hivyo hadi Los Boliches, na anaivaa mpaka leo, akikata nywele, akiimba, akibishana na Curro juu ya machungwa. Jarkko hurudi kutoka ufuoni saa tatu asubuhi, mchanga masikioni, pua imebabuka. Bado huuliza nani kamwambia nini sokoni na alikuwa amevaa nini.

Lakini wakati mwingine, Hilla akikanda unga, huivua pete akaiweka dirishani kando ya pilipili. Chini yake ngozi ina mstari mwembamba mweupe unaozunguka kidole chote. Jarkko huushika mkono ule wenye unga, akaukagua kwa makini kama mlinzi wa mpaka, kisha akatabasamu. Hapo jua halijawahi kufika.