Kiu Ndani ya Rejeta

Gari la Tumijo lilikuwa linakunywa maji, na hakuna aliyeona yanakokwenda. Asubuhi rejeta imejazwa mpaka mdomoni, adhuhuri imekauka, na chini ya gari vumbi halina hata tone. Lilikuwa gari la miaka ishirini na minane, na kelele zake zilimzidi hata mwenyewe, lakini lilikuwa na kazi isiyongoja. Kila Jumanne na Ijumaa lilimteremsha Lasmini, mke wa Tumijo, kutoka kijijini mlimani hadi hospitali ya mjini kusafishwa damu, maana figo zake zilikwisha kufa. Akikosa siku moja, anavimba. Akikosa wiki, anazikwa.

Alhamisi Tumijo akalipeleka kwa Ngadimin, fundi wa njia panda, mtu wa maneno mengi na spana chache. Alianza vizuri, tumpe haki yake. Akakagua mfuniko wa rejeta, akabana mkanda wa feni, akaminya mipira yote akitafuta ufa. Akachomoa kijiti cha oili kuona kama imegeuka maziwa, maana hiyo ndiyo dalili ya gasketi kuungua. Oili safi. Basi akafanya wanachofanya mafundi wote wa kule wakiishiwa akili: akang'oa thamostati, ile valvu inayozuia maji mpaka injini ipate moto, akaitupa, eti nchi ya joto haiihitaji.

Akawasha injini. Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Akainua boneti, akashika rejeta kwa kitambaa asiungue, kisha akakitupa kitambaa na kuigusa kwa kiganja kitupu. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Na ndani yake, mchana kweupe, kitu kilikuwa kinameza, gu, gu, gu, taratibu, na pakanuka maua ya harusi yaliyooza.

Ngadimin akarudi nyuma. "Kang Tumijo," akanong'ona, akimwita kaka kwa lugha ya kwao, "humu ulitia maji ya wapi?"

Tumijo akaona haya. Ijumaa iliyopita gari lilimchemkia kwenye bonde la chemchemi, Lasmini kajilaza kiti cha nyuma anahema, naye akachota kwa dumu akamimina. Hakuomba ruhusa, na hilo lingesameheka. Lakini maji yale ni ya kuogeshea maharusi, hutumiwa baridi. Watu wa pale hawayatii motoni, hata chai hawayapikii. Yeye kayamwaga kwenye injini inayotokota.

Wakaenda kwa Mbah Kasiyem, bibi anayetunza chemchemi. Hakuwaonea huruma. Alitema tambuu lake, akamuuliza Tumijo kama kwao waliwahi kumfundisha chochote zaidi ya kula.

"Umemchemsha mwenye maji," akasema. "Kaungua, anatafuta pa kupoza koo. Mrudishie maji yake yakiwa baridi, yote. Likibaki funda moja, naye kabaki."

Waliporudi njia panda, Ngadimin akafungulia koki ya chini ya rejeta. Maji yakatoka meusi, na unywele mmoja mrefu, mrefu kuliko mwanamke yeyote wa kijiji kile. Lakini maji ya rejeta ni nusu tu. Nusu nyingine hulala ndani ya bloku ya injini, nayo ina bolti yake ya kuyatolea, na bolti hiyo ilikuwa imeliwa na kutu. Fundi akaitia spana, ikalia kama paka.

"Nikiilazimisha, inaondoka na bloku," akasema. "Kesho Ijumaa. Mkeo utambeba mgongoni?"

Tumijo akafikiria miguu ya Lasmini, ilivyokwisha kuanza kujaa.

"Iache," akasema.

Wakamwaga walichopata kwenye chemchemi, wakamwambia Mbah Kasiyem ni yote.

Kesho yake gari liliteremka mlima kama jipya, mshale umelala chini, na Tumijo alikuwa amekwisha kuanza kupiga mluzi pale Lasmini alipoomba chupa yake, ile ya glasi mbili alizopimiwa na daktari kwa siku nzima, akaimaliza bila kupumua, kisha akainama akaokota dumu la lita tano lililowekwa akiba ya injini, akaliinua kwa mikono ile ile iliyoshindwa kushika kijiko juzi, na Tumijo akimtazama kwenye kioo, akitaka kusimama na kuogopa kusimama kwa kuwa walikuwa wanapita bondeni, akasikia koo la mkewe likienda gu, gu, gu, mpaka plastiki ya dumu ikabonyea.

Hospitalini muuguzi akampandisha kwenye mizani. Kila mara humgombeza kwa kilo za maji alizoongeza. Safari hii akapima mara mbili.

"Hongera, Bu Lasmini. Hata robo kilo hujaongeza. Wangekuwa wote kama wewe."

Akamshika mkono atafute mshipa, akauachia, akauliza nani kaweka feni kali hivyo. Feni ilikuwa imezimwa.

Lasmini akatabasamu. Uso ulikuwa umenawiri, miguu haina uvimbe, kama siku aliyoolewa. Akamgeukia mumewe, akasema kwa sauti ndogo:

"Tukirudi, tupite barabara ya juu. Kule kwenye chemchemi usinipeleke tena."

Tumijo alikuwa ametaka mke mzima, na mke mzima alikuwa amekaa mbele yake, akimngoja ajibu.

Akasema sawa.